Gundi Mlangoni pa Guka

Shiru alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Thika, nikimpimia mteja kitambaa cha pazia. Aliniambia mjomba wake Kamande amefariki na atazikwa Alhamisi huko Gatuanyaga. "Auntie Hadija, tafadhali uje," akasema. "Mum atakuwepo. Amezeeka sana, na siku hizi anakuulizia." Nilimpa pole, nikamwambia nitakuja, nikaweka simu chini na kukikata kile kitambaa kombo hata mteja akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mama yake ananiulizia, na papo hapo nikaisikia tena harufu ya nta nyekundu ya sakafu ikichanganyika na ile harufu ya gundi, harufu fulani tamu inayokaa kooni, na miaka yote iliyopita katikati ikawa kama si kitu.

Mama yake Shiru jina lake ni Wangui, lakini kila mtu alimwita Mama Shiru. Nilikaa nyumbani kwake Ruiru mwaka mmoja, mwaka ambao hata haukutimia, nikiwa msichana wa miaka ishirini. Sitaeleza habari za kwetu. Inatosha kusema nilizaliwa Majengo, hapo Thika, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja nafasi ya kusomea uuguzi. Mama Shiru alikuwa na duka la kushona sare za shule na alihitaji mtu wa kumtunza baba yake, mzee ambaye akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Aliniahidi kwamba nikikaa naye mwaka mmoja vizuri, atazungumza na mtu anayemjua chuoni. Nilikubali kwa furaha. Nilifikiri nitajifunza uuguzi kabla ya kufundishwa.

Nyumba ile ilikuwa pembezoni mwa shamba la kahawa lililokuwa likikatwa ploti. Asubuhi tulisikia trekta iking'oa mibuni, na jioni wadudu waliokuwa wakikaa kwenye mibuni walikuja kwetu. Walipita chini ya milango, kwenye matundu ya bomba, kwenye nyufa za dirisha: mende, nyenje, tandu, buibui wa miguu mirefu na wale wengine wafupi wenye manyoya. Mama Shiru aliwachukia wote, lakini buibui aliwachukia kwa namna ya pekee. Akimwona mmoja ukutani, uso ulimbadilika rangi na hakuweza kula tena. Dawa ya kupuliza ilimletea kikohozi. Basi siku moja akarudi kutoka Githurai na mfuko wa karatasi za gundi alizouziwa na mchuuzi wa barabarani. Zilikuwa vipande vya kadibodi vilivyopakwa gundi upande mmoja, unabandua ngozi ya juu na kuviweka sakafuni. Alikuwa amefundishwa vizuri jinsi ya kuziweka. Usiweke katikati ya chumba, mdudu hupita kando ya ukuta. Weka nyuma ya jiko la gesi, chini ya friji, nyuma ya choo, kwenye pembe ya kila mlango. Usiiloweshe, na usiiache ikashika vumbi, itakuwa karatasi tu.

Kazi ya kuzikagua ilikuwa yangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilipiga magoti na kuzivuta moja moja kutoka chini ya vitu. Mtu asiyezijua hufikiri mdudu akikanyaga gundi amekufa. Hafi. Anakaa siku kadhaa akiinua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Buibui hujaribu kujivuta mpaka anaacha miguu yake pale na kubaki kiwiliwili. Mende jike, akishikwa, hutoa kile kifuko chake cha mayai, na baada ya muda vitoto vinatoka, vyeupe kama punje za mchele, vinapiga hatua mbili tatu na kunasa kando ya mama yao. Nilitaka kuzikunja na kuzitupa zikingali na uhai mdogo, lakini Mama Shiru alikataa. "Bado ina nafasi," alisema, akiigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Unatupa kitu kizima kwa nini?" Alizitazama muda mrefu. Wakati mwingine alichukua kijiti cha kiberiti akamgusa aliye hai, aone kama atajibu. Wanawake wa kanisa walipokuja kunywa chai siku za Jumapili, aliwaletea karatasi moja juu ya gazeti, wakapokezana kama watu wanaotazama picha za harusi.

"Haiya! Huyu ni mkubwa!"

"Huyo alikuwa kwa Baba," Mama Shiru alisema kwa fahari. "Mngejua vile najaribu kumwekea chumba kisafi."

"Mungu atakubariki, Mama Shiru. Watoto wa siku hizi hawaangalii wazazi."

Baba aliyetajwa alikuwa katika chumba cha mwisho cha ukumbi, amelala au ameketi ukingoni mwa kitanda, na mimi nilimwita Guka kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na kifua chake. Hakuzungumza Kiswahili tena. Kilikuwa kimemtoka na akabaki na Kikuyu, ambacho mimi nilikisikia vizuri kwa kuwa nilikulia Thika. Tangu wiki ya kwanza aliniita Wangui. Nilimsahihisha, nikasema, "Mimi ni Hadija, Guka," naye akasema, "Eeh, Hadija," na baada ya muda akasema, "Wangui, hebu nipe maji." Binti yake mwenyewe hakumwita kwa jina. Akiingia chumbani, Guka alimtazama kwa heshima ya mtu aliyetembelewa na mgeni na kumkaribisha kwenye kiti. Mama Shiru alicheka alipoona hivyo, lakini nilikuwa karibu naye, na niliona kwamba hakikuwa kicheko.

Nilimlisha uji wa wimbi asubuhi, mchana mukimo laini wa viazi au nduma na chai. Alikula polepole, na alikuwa na tabia moja iliyomletea taabu. Chini ya dirisha la chumba chake palikuwa na karatasi ya gundi, naye alikuwa amegundua kuna viumbe pale ambavyo haviendi popote. Basi akila mkate alikuwa anaacha kipande, anakifikicha, anainama kwa shida na kuwadondoshea mende makombo. Nilimwuliza kwa nini. Alinishangaa. "Watu wamefungwa na hawajala," akasema. Mama Shiru alipolijua jambo hilo aliwasimulia wanawake wa kanisa, na wote wakacheka hadi wakafuta machozi. Baba analisha mende! Sauti zao zilifika chumbani, na Guka naye akacheka kidogo, kwa adabu, bila kujua wanacheka nini.

Siku moja nilikuta mjusi amenasa nyuma ya friji, wale wadogo weupe wanaotembea darini. Shavu lake na mikono yake ya mbele vilikuwa kwenye gundi na alikuwa anapumua upesi sana. Sikujua la kufanya, nikamwonyesha Guka. Akasema niweke mafuta. Nilichukua mafuta ya kupikia kwa kidole nikampaka pembeni, nikasubiri, nikapaka tena, na gundi ikaanza kulegea kama asali. "Polepole, Wangui," Guka aliniambia, amenishika bega. "Usimvunje." Tulikuwa tumemtoa, amekaa kiganjani mwangu aking'aa mafuta, Mama Shiru alipoingia kutoka dukani. Alitazama mkono wangu. Alitazama karatasi.

"Mrudishe."

"Mama Shiru, mjusi hana ubaya, anakula mbu."

"Nimesema umrudishe pale ulipomtoa."

Alinipokonya yule mjusi kwa kitambaa cha kufutia meza, akamkandamiza katikati ya gundi kwa kidole gumba, tumbo chini, akaisukuma karatasi chini ya kitanda cha baba yake. Kisha akanawa mikono na kuuliza kama chai iko tayari. Guka alilia siku ile. Alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na nisingependa kumfanya yule mama zimwi, kwa sababu hakuwa zimwi. Alikuwa amechoka. Ukumbi wa nyumba ile ulibeba sauti, na simu ilikuwa karibu na mlango wa jikoni, kwa hiyo nilisikia mengi nikiosha vyombo. Alimpigia kaka yake Kamande, aliyekuwa na shamba na ng'ombe Gatuanyaga, karibu kila wiki. "Mchukue basi hata mwezi mmoja," alikuwa akisema. "Wewe una nafasi. Mimi nina duka... Bibi yako hataki? Na mimi nani aliniuliza kama nataka?" Baadaye alikuwa anakaa jikoni na kiganja kwenye paji la uso. Mara moja alisema, si kwangu, kwa sufuria, "Angekufa tu, angalau Pasaka ipite." Uchovu ule ulikuwa wa kweli. Lakini tangu siku hizo nimewaona watu wengi waliochoka, na mimi mwenyewe nimechoka mara nyingi, na sijaona kwamba kuchoka peke yake humfundisha mtu kufanya aliyoyafanya yeye.

Kisa kilianza kwa sababu Guka alikuwa anatoka. Alikuwa na ng'ombe wake wa zamani kichwani, aliyekuwa hajakamuliwa, na kila baada ya chakula aliinuka kwenda kumkamua. Nikiwa naye nilimpeleka uani, tukazunguka, nikampa ndoo tupu, akaridhika. Lakini siku moja nilikuwa ninaanika nguo akapita lango, na alipatikana katikati ya malori yaliyobeba mawe, akiwainulia madereva fimbo kana kwamba wao ndio ng'ombe. Alirudishwa na vijana wa bodaboda, suruali imelowa, na majirani walikuwa wamesimama kwenye malango yao wakitazama. Mama Shiru aliwashukuru vijana wale kwa tabasamu. Alipofunga mlango alisema, "Leo umeniaibisha kwa mara ya mwisho," na hakuwa anasema nami.

Kesho yake alikuja na gundi nyingine. Hizi zilikuwa za panya, kubwa, zinazofunguka kama jalada la kitabu, na gundi yake ni nene kiasi kwamba ukiigusa inakufuata. Alizipanga sakafuni, mlangoni pa chumba cha Guka, upande wa nje, ukingo kwa ukingo, mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

"Mama Shiru," nikasema, "kwa nini tusifunge mlango tu?"

Alinitazama kama mtoto mjinga. "Nikifunga, watu watasema nimemfungia baba yangu kama mbwa. Hii ni gundi ya panya. Nani hana panya?"

Mara ya kwanza Guka aliacha patipati zake pale. Aliweka mguu, patipati ikanasa, akaweka wa pili, ikanasa, akatoka miguu mitupu na kuendelea na safari yake hadi jikoni, akiwa na heshima zake zote. Mimi na Shiru, ambaye alikuwa amekuja likizo kutoka shule ya bweni, tulicheka hata tukaegemea ukuta. Mama Shiru pia alicheka. Shiru aliporudi shuleni, patipati zile zilitupwa na hakununuliwa nyingine. Mama Shiru alipokuwa dukani nilizisukuma zile gundi kando kwa ufagio ili mzee apite, na hilo nalo aliligundua, kwa kuwa nta ya sakafu ilibaki na alama. Hakunigombeza. Jumamosi iliyofuata aliniamsha mapema na furushi la sweta akaniambia nizipeleke shule moja huko Thika, ning'oje mwalimu azipokee. "Leo sifungui duka," alisema. "Nitakaa na Baba mimi mwenyewe."

Niliporudi ilikuwa saa sita, jua limekaa juu ya bati. Kutoka langoni nilisikia nyimbo za kanisa redioni. Mama Shiru alikuwa sebuleni, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi. Aliniitikia salamu. Nilipita kwenda jikoni kuweka mfuko, na ndipo nilipotazama ukumbini nikaona miguu.

Guka alikuwa amelala kifudifudi mlangoni mwake. Alikuwa amekanyaga kwa miguu yote miwili, akaanguka mbele, na gundi za mbele zikampokea: kiganja kimoja, mkono wote hadi kiwiko, na upande wa uso. Jicho moja lilikuwa linaangalia ukuta. Karibu na sikio lake palikuwa na mende aliyekuwa amenasa kabla yake, bado anasogeza vipapasio vyake. Mkojo wa mzee ulikuwa umeshakauka pembeni kwenye nta, na nilipoona umekauka nilijua amekaa pale muda gani.

"Mama Shiru!" nikapiga kelele. "Guka ameanguka!"

"Najua," akasema kutoka sebuleni. Hakupandisha sauti, alipunguza redio ili nimsikie. "Mwache kidogo. Ajifunze."

Nilikimbia jikoni nikachukua kopo la mafuta. Nilipiga magoti nikaanza pale usoni, kwa vidole, nikipaka ukingoni na kusubiri, nikipaka na kusubiri, kama tulivyofanya kwa mjusi. Ngozi ya mzee si ngozi ya mjusi. Ilikuwa nyepesi, na mahali alipokuwa amejivuta mwenyewe kabla sijafika ilikuwa tayari imebaki kwenye kadibodi. Alinisikia nikilia. "Wangui," akasema kwa upande wa mdomo uliokuwa huru, "hawa watu wananishikilia kwa nini?" Nilimwambia wanamwachilia sasa hivi. Akasema niwaambie ng'ombe hajakamuliwa. Mama Shiru alikuja akasimama juu yetu, kikombe kingali mkononi, akatazama mikono yangu na kopo.

"Hayo ni mafuta ya kupikia unayamaliza," akasema.

Jeraha la mkono halikupona. Lilianza kunuka, na ikabidi tumpeleke zahanati, na muuguzi pale aliuliza maswali ambayo Mama Shiru hakuyapenda. Habari zikafika Gatuanyaga. Jumapili, Kamande akaja na mkewe na mzee mmoja wa kanisa, wakaketi sebuleni. Nilipika chai, nikakaanga mayai, nikakata mkate. Kamande alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliupenda mkate na alikula huku akiuliza. Aliuliza nani aliweka gundi za panya mlangoni pa baba yao. Mama Shiru akasema, bila kusita hata kidogo, "Mwulize huyu. Mimi kazi ya gundi nilimwachia yeye. Kila mtu anajua, yeye ndiye hukagua. Ameshindwa kumwangalia mzee, akaamua kumnasa."

Nikaeleza yote, malori, patipati, sweta za Thika, redio. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Mzee wa kanisa alinisikiliza akitazama ushungi wangu. Kisha akasema kwa upole kwamba mwenye kuumia yupo, kwa nini asiulizwe? Guka aliletwa, akaketishwa katikati, bandeji hadi kiwikoni, shavu limeanza kufanya kigaga. Kamande aliinama mbele yake.

"Baba. Hii gundi iliyokuumiza, ni nani aliiweka?"

Guka alifikiri. Kwa muda macho yake yalikuwa safi kabisa, na mimi niliyemtunza nilijua kwamba dakika ile alikuwa nasi.

"Ni Wangui," akasema.

Mkewe Kamande aliweka kikombe chini. Nilimtazama Mama Shiru, nikaona rangi imemtoka kama alivyokuwa akimwona buibui. Lakini ilikuwa kwa kitambo kidogo tu. Akatabasamu, akasogea mbele ya baba yake na kumwuliza kwa sauti tamu, sauti ambayo sikuwahi kumsikia akimtolea, "Na Wangui ni nani, Baba? Tuonyeshe Wangui."

Guka aliinua ule mkono wenye bandeji, kwa taabu, akanielekezea mimi. "Si ndiye huyu," akasema. Uso wake ulijaa furaha. "Mtoto mzuri sana huyu."

Niliondoka kabla ya vikombe kuoshwa. Mama Shiru alipekua mkoba wangu mlangoni mbele yao wote, akatoa kipande cha sabuni akasema ni chake. Chuoni hakuna aliyeambiwa habari zangu. Maneno yalifika Majengo kabla yangu, na watu wa kijana mmoja, waliokuwa wameanza kuja nyumbani kuniposa, hawakuja tena. Mama yake alisema hawezi kuweka nyumbani mtu aliyempaka mzee gundi. Nilikwenda kwa chifu wa Ruiru. Nilingojeshwa kwenye benchi, kisha karani akaniambia hayo ni mambo ya familia na familia imeshakaa.

Basi nikaenda Gatuanyaga kwa Kamande. Pikipiki ilinishusha nikiwa mwekundu wa vumbi hadi kope. Nilimkuta zizini akinywesha ng'ombe, nikamwambia yote tena, safari hii kwa mpango, bila kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliwafukuza nzi usoni mwa ndama.

"Unafikiri mimi ni mjinga?" akasema. "Baba aliposema Wangui nilijua ni Wangui gani. Yule ni dada yangu, nimekua naye."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Nikisema ni yeye, siwezi kumwachia Baba tena. Na nisipomwachia yeye, namweka wapi?" Alitazama nyumba yake, shamba, miembe michache, mtungi wa maji, kama mtu anayetafuta nafasi na haioni. "Wewe ni msichana mdogo. Utaolewa, utasahau. Ngoja nikupe mayai upeleke nyumbani."

Akaenda kweli kuyaokota, akanipa kwenye mfuko, ya moto bado. Niliyaacha juu ya nguzo ya lango.

Guka alirudi chumba kilekile. Sasa kwa kuwa mbaya alishapatikana na kufukuzwa, hakuna aliyeshangaa mlango wake kutiwa komeo kwa nje, kwa usalama wake. Hilo niliambiwa na msichana aliyenifuata pale, nilipokutana naye sokoni. Alisema mzee huita Wangui mchana kutwa, na mama anamjibu kutoka jikoni kwamba Wangui alifukuzwa. Guka alikufa kabla ya mvua ndefu. Shiru aliniambia miaka mingi baadaye, alipoingia dukani kwangu kununua mapazia tukakumbatiana, kwamba mazishi yalikuwa makubwa na mama yake alisifiwa hadi akazimia. Sikumwambia lolote. Alikuwa amebeba mtoto mchanga, na alikuwa mwenye furaha kuniona.

Alhamisi nilikwenda. Kamande alizikwa nyuma ya zizi lake, na baada ya chakula watu walibaki chini ya hema kwenye viti vya plastiki. Mama Shiru alikuwa katikati ya wanawake wa kanisa, shuka magotini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho makali kama zamani. Shiru alinishika mkono akanipeleka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: kwamba hatanitambua, kwamba atageuza uso, na hata kwamba ataniomba msamaha, maana nilijidanganya kwamba ndiyo sababu ya kuniulizia. Alinitambua kutoka mbali. Alinyoosha mikono yote miwili, akanivuta mpaka nikapiga magoti mbele yake.

"Mnamwona huyu?" akawaambia wenzake, sauti yake imejaa machozi. "Huyu ndiye msichana aliyemwekea baba yangu gundi ya panya. Mnakumbuka? Nimemwombea miaka yote hii. Hadija, mtoto wangu, nilikusamehe zamani. Nilitaka ujue kabla sijafa."

"Bwana asifiwe," wanawake wakasema.

Nilitafuta uwongo usoni mwake na sikuuona. Alikuwa ameshausema kwa miaka mingi mpaka ukawa kumbukumbu yake, na kumbukumbu ile ilikuwa imemfaa. Alikuwa mzee mwenye amani. Nikasema, "Mama Shiru, uliziweka wewe. Mimi nilikuwa Thika na sweta zako. Nilimkuta sakafuni, nikamtoa."

Yeye hakuachia mikono yangu. Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mnaona? Bado linamtesa," akasema. "Tumwombee."

Wakasimama wote. Wakaniwekea mikono kichwani juu ya ushungi, mabegani, mgongoni, wakaomba kwa sauti nitolewe roho ya uwongo na ya ukatili kwa wazee, na mkono wa Mama Shiru ulikuwa kwenye paji la uso wangu, mwepesi, wa joto. Maombi yalikuwa marefu. Sikujivuta. Nilingoja wamalize, wakasema amina, wakainua mikono yao, na nilipoweza kusimama nilisimama, nikarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Safari hii Shiru alikuwa anamtazama mama yake.

"Mum," akasema polepole. "Kwani siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

Mama Shiru alivuta shuka magotini. Akasema jua limekuwa kali upande ule, asogezwe kivulini. Aliungoja mkono wa binti yake, kisha akasema tena, asogezwe. Shiru hakuinuka.